Mtaro, Jiwe na Njia ya Asiyeona

Mtaro ulichimbwa katika wiki ya pili ya muhula, ukakikatiza kijia kinachotoka mabweni ya wasichana kwenda maktabani. Waliouchimba walinuia kulaza mabomba ya maji. Walifunga utepe wa manjano baina ya vijiti viwili ili kuwatahadharisha wapita njia, kisha wakaenda zao. Utepe huo uliwafaa wenye macho. Msichana mmoja wa mwaka wa tatu, aliyekuwa akisomea ualimu wa Kiswahili na Elimu ya Dini, na ambaye hajaona tangu utotoni, alitumbukia humo jioni ya siku iyo hiyo akiwa njiani kurudisha kitabu. Goti lilichubuka, kifundo cha mguu kikavimba, na fimbo yake nyeupe ikavunjika vipande viwili. Alitolewa na watunza bustani waliosikia kishindo.

Usiku ule wenzake wa ushirika wa maombi walijaa chumbani mwake. Ndugu aliyewaongoza alikuwa hodari wa maneno. Alimwomba Mungu aisawazishe milima iliyo mbele ya dada yao, aipasue bahari, ayavunje malango ya shaba na makomeo ya chuma, na zaidi ya yote amfumbue macho. Wote waliitikia amina, naye msichana akaitikia. Walipokwisha kuondoka ndipo alipotanabahi kwamba katika maombi yale ya takriban nusu saa hapana aliyeutaja mtaro.

Jambo hilo lilimchekesha kwanza, kisha likamkosesha usingizi. Taswira zote zilizotumiwa na ndugu yule zimo katika Biblia, na zote zilisemwa juu ya watu waliokuwa safarini na wakazibiwa njia. Je, katika taswira hizo kinachosogezwa ni kitu gani hasa? Na mkono unaokisogeza ni wa nani? Alikuwa na kitabu cha Isaya kwa maandishi ya nukta nundu, buku zito ambalo yeye hulisoma likiwa mapajani. Faida moja ya kusoma kwa vidole ni kwamba taa zikizimwa saa nne za usiku msomaji haghasiwi. Alianza kusoma.

Kwa mwanafunzi wa Kiswahili, pa kuanzia ni neno lenyewe. Lugha hii haina uhaba wa majina ya mambo yanayomzuia mtu. Kuna kizuizi, ambacho kinamsimamisha. Kuna kipingamizi, ambacho kimelala kinyume cha njia yake. Kuna kizingiti, neno ambalo wanasiasa na wanahabari wamelipenda mno hata watu wakasahau kwamba kizingiti cha kawaida ni sehemu ya mlango, nacho huvukwa kila asubuhi pasi na mkesha wa maombi. Hatimaye kuna kikwazo. Hiki kimetokana na kitenzi -kwaa, kikapitia kauli ya kutendesha, -kwaza, ndipo kikawa nomino. Kikwazo basi ni kile kinachomfanya mtu ajikwae. Ndani ya neno hilo mna mguu wa mtu. Jiwe lililo kando ya njia ni jiwe tu. Linageuka kikwazo pale tu linapokutana na kidole cha mguu wa apitaye.

Neno la Kiebrania mikhshol limeundwa kwa namna inayokaribiana mno na hiyo. Shina lake ni kitenzi kashal, yaani kujikwaa. Linapatikana katika Mambo ya Walawi, sura ya 19, miongoni mwa sheria fupi fupi zinazohusu jirani: mtu asimlaani kiziwi, wala asiweke mikhshol mbele ya kipofu. Walimu wa Kiyahudi wa baadaye waliipanua sheria hiyo hata ikamhusu mtu anayempa mwenzake ushauri wa kumpotosha katika jambo asilolijua. Upanuzi huo una hekima yake. Msichana huyo, aliyekuwa na bendeji gotini, aliona kwamba maana ya kwanza inatosha sana.

Neno lilo hilo, mikhshol, linarudi katika Isaya, sura ya 57, aya ya 14. Hapo inasikika sauti inayoamuru kwamba njia itengenezwe na kila kinachokwaza kitolewe mbele ya watu wa Mungu. Hivyo kile ambacho sheria ilikataza kisiwekwe mbele ya mtu mmoja asiyeona, nabii anaamuru kiondolewe mbele ya taifa zima. Aidha, amri hiyo iko katika wingi. Mungu hasemi hapo kwamba ataondoa. Sauti inawaambia watu fulani, ambao hawatajwi kwa majina, kwamba waondoe wao.

Wahenga wa Kiswahili nao walisema kuwa kujikwaa si kuanguka, bali ni kwenda mbele. Ni methali ya kutia moyo, na katika mitihani ya shule imeandikiwa insha zisizo na idadi. Hata hivyo, anayejikwaa ukingoni mwa mtaro huenda mbele kwa namna ambayo wahenga hawakuikusudia.

Hazina kubwa ya taswira hizi imo katika sehemu ya Isaya inayoanzia sura ya 40. Wataalamu wengi wanaichukulia sehemu hiyo kuwa ilielekezwa kwa Wayahudi waliokuwa uhamishoni Babeli, baada ya Yerusalemu kuangushwa mnamo 587 K.K. Watu hao walikuwa wakiishi katika nchi tambarare yenye mito na mifereji, mbali na vilima vyao. Waliiona barabara kuu ya maandamano ambayo Nebukadneza aliipamba na kuisakafia, ambamo sanamu za miungu zilipitishwa kwa shangwe wakati wa sikukuu ya mwaka mpya. Nabii anaichukua picha hiyo na kuihamishia jangwani. Mabonde yataenda juu, vilima vitashuka, palipoparuza patalainika. Jambo linalopitwa na wengi ni kwamba barabara ya sura ya 40 si ya watu. Ni ya Mungu mwenyewe. Wao wanaamriwa kuitengeneza ili yeye apite, na kwa kupita kwake wao wapate pa kufuata.

Hapa sarufi inastahili kusikilizwa. Aya ya 3 imejaa vitenzi vya amri katika wingi. Aya ya 4 inaingia katika kauli ya kutendwa, ambapo mabonde yanainuliwa na milima inashushwa bila ya kutajwa nani anayeinua na nani anayeshusha. Katika Biblia kauli hiyo aghalabu ni njia ya adabu ya kumtaja Mungu bila ya kumtaja. Katika maisha ya kawaida ni njia ya kumficha mtu. Msichana alipokwenda kwenye ofisi inayohusika kueleza yaliyompata, aliambiwa kwa upole mwingi kwamba mtaro umechimbwa kwa manufaa ya wote, kwamba utafukiwa wakati ufaao, na kwamba malalamiko yake yatashughulikiwa. Alitoka pale akiwa na vitenzi vitatu vya kutendwa na hakuna mtenda hata mmoja.

Taswira ya malango ya shaba inatoka sura ya 45, na ina historia ambayo katika mikesha husahauliwa. Hapo Mungu anasema kwa nafsi ya kwanza, bila ya kificho: yeye mwenyewe atatangulia, atasawazisha yaliyoinuka, atavunja malango na kukata makomeo. Katika aya hiyo maandishi ya Kiebrania yaliyozoeleka yana neno gumu ambalo wafasiri wamebishania kwa muda mrefu. Hati kubwa ya Isaya iliyopatikana Qumran mwaka 1947, pamoja na tafsiri ya kale ya Kigiriki, zinasoma hapo milima. Lakini jambo zito zaidi ni nani anayeambiwa maneno hayo. Hasemeshwi Myahudi mcha Mungu. Anasemeshwa Koreshi, mfalme wa Waajemi, na nabii anakiri waziwazi kwamba Koreshi hamjui Mungu anayemtangulia.

Koreshi aliitwaa Babeli mwaka 539 K.K. Maandishi yake juu ya gogo la udongo wa mfinyanzi, yaliyofukuliwa Babeli mwaka 1879 na ambayo sasa yamehifadhiwa katika Jumba la Makumbusho la Uingereza jijini London, yanasema aliingia mjini bila ya vita, na kwamba ni Marduki, mungu mkuu wa Babeli, aliyetembea kando yake kama rafiki. Mwanahistoria Mgiriki Herodotus, aliyeandika karne iliyofuata, anaeleza habari ya mji wenye malango 100 ya shaba, na anasimulia kwamba Waajemi waliuchepua mto Frati hata maji yakapungua, wakapenya kupitia mkondo wake. Masimulizi haya mawili hayapatani kikamilifu, wala si lazima yapatane. Kwa msomaji wa Isaya, neno kuu ni kwamba mlango mkubwa kuliko yote uliofunguliwa mbele ya watu wa Mungu ulifunguliwa na mkono wa mgeni, aliyekuwa na shughuli zake za kifalme, na ambaye aliamini anasaidiwa na mungu mwingine. Wanaoomba leo ili malango ya shaba yavunjwe huenda wasiwe tayari kumpokea Koreshi akitokea.

Na baada ya malango kufunguka, safari ilibaki pale pale. Kitabu cha Ezra, sura ya 7, kinasema Ezra na wenzake walitoka Babeli siku ya kwanza ya mwezi wa kwanza, wakafika Yerusalemu siku ya kwanza ya mwezi wa tano. Ni miezi 4 ya kutembea, na watoto na mizigo. Sura ya 8 inaongeza jambo la kibinadamu kabisa: Ezra aliona haya kumwomba mfalme askari wa kuwalinda njiani, kwa kuwa alikuwa amekwisha kumwambia kwamba Mungu wao huwalinda wamtafutao. Basi wakafunga, wakaomba, wakaenda. Vilima havikusogea. Watu walifika wamechoka.

Bahari nayo ina habari kama hizo kwa anayesoma polepole. Tafsiri ya Muungano iliyotolewa mwaka 1952 iliiita Bahari ya Shamu, kwa jina ambalo watu wa pwani walilijua kutokana na nchi ya Shamu. Wagiriki waliiita Nyekundu. Kiebrania chenyewe kinasema yam suf, ambayo wengi hufasiri kuwa bahari ya matete. Katika filamu maarufu ya Amri Kumi ya mwaka 1956, maji yanapasuka kwa dakika chache tu. Kitabu cha Kutoka, sura ya 14, hakina haraka hiyo. Kinasema upepo mkali wa mashariki ulivuma usiku kucha. Mtu aliyekuwa katika kambi ile akiwa na mtoto mgongoni, mbele yake maji na nyuma yake magari ya Farao, alikuwa na usiku mzima wa kusikiliza upepo kabla hajajua unafanya kazi gani.

Mto Yordani katika kitabu cha Yoshua, sura ya 3, ulisimama pale nyayo za makuhani zilipokwisha kulowa, wala si kabla. Tena maji hayakusimama mbele ya macho yao. Yalisimama mbali, kaskazini, penye mji uitwao Adamu, na waliokuwa wakivuka waliona tu kwamba mto umekauka. Mahali hapo wataalamu wengi hupatambua kuwa ni Damiya ya leo, ambapo kingo za mto ni ndefu na za udongo laini. Mwandishi Mwarabu wa karne ya 14, al-Nuwayri, anasimulia kwamba mwaka 1267 kilima cha kando ya mto kiliporomoka karibu na hapo, kikauziba Yordani kwa saa kadhaa. Wakati ule Sultani Baybars wa Misri alikuwa amejenga daraja Damiya, na nguzo zake zilikuwa zimepata hitilafu. Mafundi walipouona mto umekauka hawakukaa kushangaa. Walishuka upesi na zana zao na kuzitengeneza nguzo kabla maji hayajarejea. Msichana aliposimuliwa habari hii na mhadhiri wake, ilimkaa rohoni kuliko maelezo yote ya wachambuzi. Aliwapenda mafundi wale.

Katika Agano Jipya bahari na milango vinapungua na nafasi yake inachukuliwa na jiwe. Yako mawe mawili makubwa, na ni vyema yasomwe pamoja. La kwanza liko mlangoni mwa kaburi la Lazaro, katika Yohana 11. Yesu, ambaye dakika chache baadaye anamwita maiti naye akatoka, haliambii jiwe neno lolote. Anawaambia watu waliosimama pale waliondoe. Martha anapinga kwa sababu ya harufu, jambo ambalo mtu yeyote mwenye akili timamu angelisema. Wanaliondoa. Hata Lazaro anapotoka amefungwa sanda, ni wao wanaoamriwa kumfungua. La pili liko mlangoni mwa kaburi la Yesu mwenyewe. Katika Marko 16 wanawake wanakwenda alfajiri wakiulizana ni nani atakayewavingirishia jiwe, maana lilikuwa kubwa mno. Walitoka nyumbani bila ya kuwa na jibu. Walipofika walikuta limekwisha kuvingirishwa.

Kwa hivyo kuna jiwe linalongoja mikono ya watu na kuna jiwe ambalo mikono ya watu haiwezi kulisogeza, na kosa la maombi mengi si upungufu wa imani bali ni kuyachanganya mawe hayo mawili.

Msichana alikuwa amefikia hapo alipoalikwa kuongoza somo la Biblia la Alhamisi. Alichagua aya ambazo wenzake hawakuzitarajia. Ya kwanza ilikuwa Yeremia 31, aya ya 8 na ya 9, ambapo Mungu anawarudisha watu wake kutoka nchi ya kaskazini. Nabii anaorodhesha waliomo katika msafara: wapo vipofu na wanaochechemea, yupo mjamzito, yupo hata anayeshikwa na uchungu wa kuzaa. Kisha anasema wataongozwa kwenye mito ya maji, katika njia iliyonyoka ambayo hawatajikwaa ndani yake. Aliwaomba wenzake watafute mahali ambapo vipofu hao wanafumbuliwa macho. Kurasa zilipekuliwa. Hapakupatikana. Vipofu wanaondoka wakiwa vipofu na wanafika wakiwa vipofu, na hawajikwai, kwa sababu kilichorekebishwa ni njia. Ya pili ilikuwa Isaya 42, aya ya 16, ambapo Mungu anaahidi kuwaongoza vipofu katika njia wasiyoijua na kupanyosha palipopotoka. Nayo vivyo hivyo: giza linageuzwa nuru mbele yao, lakini njia ndiyo inayotajwa, wala si jicho.

Hakuificha sura ya 35 ya Isaya, ambayo kwayo macho ya vipofu yanafumbuliwa kweli na viwete wanarukaruka. Hakumficha Bartimayo wa Marko 10, aliyepata kuona kando ya njia ya Yeriko. Aliuliza tu wamsome Bartimayo tangu mwanzo. Kikwazo cha kwanza cha mtu yule hakikuwa macho yake. Kilikuwa ni umati wa watu wema waliomfuata Yesu, ambao walimkemea anyamaze. Yesu aliposimama aliwaamuru wao hao wamwite. Walioziba njia ndio waliotumwa kuifungua.

Aligusia pia kwamba Kenya ilikuwa na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu tangu mwaka 2003, iliyotamka haki ya mazingira yasiyokuwa na vizuizi, na kwamba Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufika kwa urahisi mahali popote panapotumiwa na umma. Hakukaa sana hapo. Waliohudhuria wangeweza kudhani amekuja kuwashtaki.

Kisha akaligusa neno lililomfurahisha mno. Pale Isaya anapoamuru njia itengenezwe, katika sura ya 57 na tena katika sura ya 62, Kiebrania kinarudia kitenzi kimoja mara mbili kama wimbo wa watu wafanyao kazi: sollu, sollu. Shina lake linatoa mesillah, yaani barabara iliyoinuliwa kwa kurundikiwa udongo. Wafasiri wa Tafsiri ya Muungano walichagua hapo kitenzi tutia, chenye udugu na nomino tuta. Tuta la viazi linajulikana na kila aliyelelewa shambani. Haliinuki kwa kauli ya kutendwa. Lina jembe na lina mgongo wa mtu aliyeinama. (Mmoja wa wenzake alisema kwamba katika barabara za Kenya matuta huwekwa ili kumpunguzia dereva mwendo, si kumtengenezea njia. Walicheka wote, na ni kweli kwamba neno hilo limepinduka.)

Hapo ndugu yule aliyeongoza maombi usiku wa ajali aliinua mkono. Hakuwa na hasira. Alisema, "Dada, nimekufuata mpaka hapa. Lakini ukisema kila jiwe lina mikono yake, utamwacha Mungu na kazi gani? Mama yangu ameugua figo tangu nikiwa kidato cha pili. Tumeuza ng'ombe, tumeuza sehemu ya shamba, majirani wamechanga. Mikono yote iliyokuwepo imekwisha kutumika. Mitaro mingine haina udongo wa kuifukia."

Chumba kilinyamaza. Msichana naye hakujibu kwa muda. Alijua kwamba lile alilolisema ndugu yule ndilo lililokuwa likisikika chini ya maneno yake makubwa usiku ule, na kwamba bahari na malango ya shaba havikuwa mapambo kinywani mwake. Mtu aliyekwisha kutumia mikono yote anahitaji Mungu anayevunja mlango. Hatimaye alisema kwamba yeye pia anaijua hali hiyo. Alipokuwa mdogo alipelekwa kwenye mikutano mingi ya maombi, akawekewa mikono kichwani, akaambiwa atazame, na hakuona. Kila mara alirudi nyumbani akiwa na hisia kwamba amewaangusha watu. Alisema kwamba kwake yeye faraja ilianza siku alipomsoma Paulo katika Wakorintho wa Pili, sura ya 12, aliyeomba mara tatu mwiba wake uondolewe na akajibiwa kwamba neema itamtosha. Mungu aliyeipasua bahari hakuung'oa mwiba. Hakudai kwamba analielewa jambo hilo. Alimwomba ndugu yule jina la mama yake, wakamwombea, na safari hii maombi yalikuwa mafupi na yalikitaja kitu chenyewe: figo, deni la hospitali, nauli ya Jumatatu.

Wasomaji wa Biblia wameyagawa mambo haya kwa namna nyingi, na mgawanyo wowote utakuwa na mapengo. Balaamu katika Hesabu 22 alimpiga punda wake kwa kukataa kwenda mbele, asijue kwamba malaika aliyeziba njia alikuwa ameshika upanga, na kwamba kuzibiwa huko ndiko kulikomwokoa. Nabii Hosea anamsikia Mungu akiahidi kuizungushia njia ya watu wake miiba ili wasiifikie mipenzi yao ya uongo. Mwenye kuondoa vikwazo huviweka pia. Kitabu hakijitahidi kuyaondoa matata hayo, na pengine ndiyo sababu kimeweza kusomwa na watu walio katika hali zinazotofautiana sana, kuanzia kando ya mito ya Babeli hadi vyumba vya mabweni.

Wiki mbili baadaye mtaro ulifukiwa. Mabomba yalikuwa yamekwisha kulazwa. Haikujulikana kama barua ya msichana, iliyotiwa sahihi na wanafunzi thelathini na wanne wa kundi la Alhamisi, ilichangia, au kama kazi ilikuwa imefikia kikomo chake. Jumapili iliyofuata mmoja wao alisimama ibadani akashuhudia kwamba Bwana ameuziba mtaro. Msichana aliitikia amina pamoja na wengine, akawakumbuka vibarua waliokuwa wakiimba Ijumaa yote huku sepeto zikikwaruza mawe, na akatamani kujua wao wangesema nini.

Jioni alikwenda maktabani peke yake, akiwa na fimbo mpya. Alipofika mahali palipokuwa na mtaro alipunguza mwendo. Ardhi ilikuwa imeshindiliwa vizuri. Alivuka. Hatua nne mbele fimbo iligonga kitu laini kilichofika magotini: ni udongo uliobaki baada ya kufukia, nao vibarua walikuwa wameuacha katikati ya kijia. Aliuzunguka kwa ncha ya fimbo akapima upana wake, pande zote mbili. Nyuma yake alisikia viatu vya watu waliokuwa wakitoka ibada ya jioni, na miongoni mwa sauti zao akaitambua ya ndugu yule. Akageuka, akawauliza kama kuna anayejua mahali watunza bustani wanapoweka masepeto yao.